Maiti Kapiga Chafya

Nasra shoga, maiti kapiga chafya! Wallahi tena, maiti!

Ni ile filamu ya mauaji ya kuchekesha aliyorekodi Muhidini wa Salima kule mashambani Umwe. Leo baada ya alasiri, kwenye kibanda cha video, walimwonyesha kwanza imamu wetu, Mzee Bashiru, aseme kama inafaa kuonyeshwa Idi Pili. Salima roho juu. Imamu akikataa, kazi ya mwanawe ya mwaka mzima imekwisha.

Muuaji kavaa kiroba cha mbolea kichwani, haoni mbele, kaangukia kwenye jaruba la mpunga. Damu yenyewe juisi ya rozela! Watu wanapiga kelele: "Mpeni maji, kachoka kabla hajaua!" Imamu anahesabu tasbihi tu. Salima kajiziba uso kwa mtandio.

Basi Abdulazizi, ndiye anayeigiza kuuawa, kakatwa panga, kafa, wanamlilia. Mara chyaa! Maiti, Nasra!

Na imamu, kwa mazoea tu, kwa sauti kubwa: "Yarhamukallah!"

Kamwitikia chafya maiti wa filamu, kamwombea rehema! Watu wakaanguka chini. Mimi mjane mwenye heshima zangu nimecheka mpaka machozi. Salima anamtazama imamu tu.

Imamu akainuka. "Muhidini, filamu yako ina kosa moja."

"Lipi, mzee wangu?"

"Maiti wako kapiga chafya, hakusema alhamdulillahi. Nimemwitikia bure. Mfundisheni adabu kabla ya Idi Pili."

Kabla ya Idi Pili, kasema! Salima kapiga kigelegele palepale, mbele ya imamu.