Vyungu Sita vya Juani

Ikombe, Matema,
Kyela.
14 Juni 2024

Mpendwa mwanangu Tulinagwe,

Ugonile, umeamkaje? Huko Korea baridi imekwisha? Unakula chakula cha kueleweka, au bado unashindia tambi za kwenye vikombe? Mimi shangazi yako ni mzima, isipokuwa nyonga ya kulia, na tabia yake unaijua.

Mwera umevuma wiki nzima na mitumbwi ya kwenda soko la Lyulilo haikutoka. Vyungu vimejaa barazani hadi hakuna pa kukaa. Si kwamba yupo mwingine wa kukaa.

Niseme ukweli, nyumba imekuwa kubwa tangu tumzike mama yako. Mimi na yeye, wifi yangu Naomi, tulikuwa tukigombana kutwa nani kamaliza kuni. Sasa sina wa kugombana naye. Juzi nilisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikaula hadi jana.

Ujumbe wako wa sauti uliingia wiki tatu zilizopita. Jirani yangu Lucy alinifungulia kwenye simu yake, nikausikiliza mara nne. Nimeelewa kadiri ya akili yangu: unapuliza unga wa titani kwa moto mkali mno juu ya kile chuma cha nyonga ya bandia, kisha unakizamisha kwenye dawa na kupitisha umeme. Hapo inaota mirija ya titania, ndiyo kutu ya titani, isiyoonekana kwa macho, imesongamana kama matete, ili mfupa upate pa kushika. Nilijipapasa nyonga nikacheka. Lakini ukasema mirija inabanduka kila mara, na ikibanduka tena unaacha masomo urudi nyumbani.

Nilifurahi, Tulinagwe. Nisamehe. Nilifagia chumba chako, nikaanika godoro.

Naomba msamaha maana ulisema pia kwamba ukivitoa vyuma kwenye dawa unavikausha kwa upepo wa moto, kwa kuwa zamu yako ya mashine ni fupi. Palepale nikakumbuka vile vyungu sita. Ulikuwa na miaka tisa, unataka kuwahi soko, ukavitoa chini ya majani ya migomba ukavianika juani vikiwa vibichi. Rangi yote ya udongo mwekundu tuliyovipaka ikabanduka kama magamba ya samaki. Mama yako alitaka kukuchapa, nikakuficha nyuma ya kuni.

Nilijua siku ileile kosa lako liko wapi, nikanyamaza wiki tatu. Hata kwenye simu nisingeweza; ningesikia sauti yako ningesema njoo tu. Ndiyo sababu naandika, na Lucy ataipiga picha barua hii akutumie kabla sijabadili nia.

Mambo ya maabara siyajui. Ila udongo wa juu ukikauka upesi na chini kungali na maji, lazima uachie. Vikaushe polepole vyuma vyako, mwanangu. Vifunike. Vipe siku nzima, hata mbili. Omba zamu nyingine, na wakikukatalia, omba tena.

Mirija ikishika, najua utabaki huko miaka miwili mingine. Hilo nimelilia tayari, usilirudie.

Lucy anakusalimu sana. Mchungaji Lameck anauliza kama unasali. Nimemjibu ndiyo, usiniangushe. Mungu, Kyala wetu, aibariki mikono yako.

Godoro nimelirudisha ndani. Usiniandikie kwamba unarudi. Niandikie kwamba imeshika.

Wako akupendaye, aliyekuficha nyuma ya kuni,

Shangazi Angetile