Kichochoro cha Baba

Cebu, 3 Machi

Shikamoo Baba,

Habari za afya? Goti limepoa, au bado unapanda mnara kama kijana? Mimi mzima, ila bosi wangu hapa kampuni ya mtandao amenikalia kooni kwa sababu yako.

Ruta yako ya kliniki, hicho kisanduku cha kuelekeza mtandao, imezimika mara sita ndani ya mwezi mmoja. Hujakosea, ni ya zamani na inashibishwa kupita kiasi. Kila njia mpya ikifunguka nje ya mtandao wetu, habari zake husambazwa kwa ruta zote, na yako inahangaika kukariri njia elfu tisa. Za nini, wakati kisiwa kina mlango mmoja tu, ruta ya bandarini? Nataka tukifanye eneo kichochoro: habari za nje ziishie bandarini, nawe ubaki na agizo moja, usichokijua kipeleke bandarini. Basi.

Lazima pande zote mbili zikubaliane, la sivyo ruta hazitambuani kama majirani. Jumanne ijayo saa kumi jioni naandika mstari wangu wa amri huku, kwa ruta ya bandarini, nawe andika wako huko, kwa ya kliniki. Ikishindikana, mwisho wa mwezi bosi anakifunga kituo chako.

Mwanao, Liezl

Malinaw, 6 Machi

Mwanangu Liezl,

Marahaba. Goti lipo, linalalamika tu. Paka bado analala juu ya ruta kwa joto lake. Nimempa nahodha wa boti samaki wakavu wa danggit akuletee, usimwonjeshe bosi.

Hilo la kichochoro sitaki. Miaka kumi na tisa nazijua njia zote, leo niambiwe usiulize, peleka bandarini? Ndiyo shukrani ya kukusomesha?

Baba yako, Tiburcio

Cebu, 13 Machi

Shikamoo Baba,

U mzima kweli? Jumanne niliandika mstari wangu, wewe hukuandika wako. Ruta zikanuniana kama ndugu wa mirathi. Dakika arobaini muuguzi alikaa na mtoto mwenye homa bila kumpata daktari wa huku, mpaka nikafuta nilichoandika. Mtoto hajambo sasa.

Wewe si mtu wa kususa, Baba. Kuna nini? Simu zangu hupokei. Zimebaki siku kumi na nane.

Mwanao, Liezl

Malinaw, 22 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Kwa mtoto yule nimeona haya, nimekwenda kwao kuomba radhi.

Sasa ukweli. Mwaka jana nilielekeza antena kisiwa cha Tabok, kwenye shule isiyo na mtandao. Njia ile ni ya nje, naitangaza mimi, na ndani ya kichochoro hairuhusiwi kutangaza njia ya nje. Wanafunzi thelathini na wawili wangekatika.

Tena si wanafunzi tu. Yuko mwalimu wao, Perpetua, mjane. Kila jioni ananiuliza kama mtandao unashika. Unashika vizuri, anauliza tu. Mama yako ametutoka miaka saba sasa, nami nimeogopa utasema nini. Nimeogopa sana.

Baba yako

Cebu, 25 Machi

Shikamoo Baba mpendwa,

Mzee mzima, unatongoza kwa antena! Nimecheka, kisha nimelia. Mama angekucheka kunishinda mimi, halafu angekuchagulia shati.

Sikiliza. Kuna kichochoro cha aina ya pili: njia za nje haziingii, ila yako ya Tabok inaruhusiwa kutoka, na ruta ya bandarini inawatangazia wengine. Bosi amenuna kidogo kuhusu hiyo antena, kisha amekubali. Jumamosi saa kumi. Safari hii usiniangushe.

Mwalimu mwenyewe umeshamwambia?

Mwanao, Liezl

Malinaw, 31 Machi

Mwanangu Liezl,

Marahaba, na goti limepona ghafla. Saa kumi kamili niliandika, ruta zikashikana palepale. Yangu imebaki na njia chache tu, imepoa hadi paka amehama.

Jumapili nikavuka kwenda Tabok. Nilikuwa na maneno mengi, yote yakanipotea, nikamwambia tu kwamba pande zote mbili lazima zikubaliane. Akasema mstari wake aliuandika tangu mwaka jana, alikuwa ananingoja mimi.

Harusi ni baada ya Pasaka. Njoo na biskuti za otap, anazipenda.

Baba yako, Tiburcio