Nyumba Niliyokuzuia Kujenga

Malaba,
Jumatano.

Mdogo wangu Wabwire,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Everline na watoto, na kwamba mgongo wa Mama umepata nafuu tangu mvua ipungue. Mimi mwili hauna neno. Ila usishtuke kuona jina la Malaba hapo juu. Mnajua niko Seoul, na kweli ndiko ninakofundisha, lakini leo ni siku ya kumi na tisa niko hapa, mwendo wa saa mbili tu kutoka Namboboto, na sijafika nyumbani. Nivumilie, nitaeleza.

Chuo kilinituma nihoji madereva na maajenti kuhusu bidhaa za Uchina na Korea zinazovuka kwenda Uganda. Ndiyo kazi yangu, ile ambayo Mama huwaambia watu kanisani kwamba nawafundisha Wachina siasa. Miaka ishirini na mbili nasoma jinsi nchi za kule zinavyouziana mali huku zimeelekezeana makombora. Nikiandika, watu wa mbali hunisoma. Nikimaliza kuandika, napasha wali wa jana, nakula nikitazama ukuta. Wiki nzima hupita sijatamka neno la Kiswahili, mpaka najisalimia mwenyewe kwenye lifti. Cheka tu, lakini ni upweke, Wabwire, na sikuwahi kuwaambia.

Hapa chai nakunywa kwa Hadijah, mama mwenye kibanda karibu na foleni ya malori. Siku ya kwanza alisikia naitwa daktari, kesho yake akaniletea mjukuu mwenye kikohozi. Nilipomweleza kwamba udaktari wangu ni wa siasa za nchi za mbali, alinitazama kwa huruma, akaniambia pole, akaniongezea andazi.

Sasa sikia. Alhamisi iliyopita nilikuwa namhoji ajenti mmoja wa forodha, Osukuku, kijana mcheshi, mdomo haufungi. Aliniuliza kwetu ni wapi, nikamjibu Funyula tu, Namboboto sikuitaja. Akasema anamjua fundi hodari wa huko, Wabwire, aliyemjengea nyumba Bumala. Sikumwambia kwamba huyo ni mdogo wangu. Akaendelea kwamba fundi huyo anajengea watu majumba, mwenyewe ana miaka arobaini na tatu na bado analala na mke na watoto kwenye simba, kile kijumba alichojengewa akiwa kijana, kwa sababu kaka yake mkubwa hajajenga, na kwa mila mdogo hawezi kumtangulia. Nikajidai kucheka, nikasema kinyozi hajinyoi. Osukuku hakucheka. Alisema hapana mzee, kinyozi huyo amefungwa mikono. Akanieleza kwamba binti yako mkubwa sasa analala jikoni kwa nyanya yake, maana ameshakuwa msichana mkubwa, haifai tena kulala chumba kimoja na wazazi. Akamalizia kwamba huyo kaka ni profesa wa mambo ya Wachina, na kwamba usomi mwingine ni hasara tupu.

Niliona aibu, haki ya Mungu. Nilifunga daftari, sikuhoji mtu tena siku ile.

Jumapili nilijikaza nikaja. Nilifika mpaka njia panda ya nyumbani, nikawaona mnatoka kanisani, Mama katikati, Everline amemshikia mwavuli. Nikamwomba mtu wa bodaboda ageuze.

Sasa nikuambie ambalo sijamwambia mtu. Miaka saba iliyopita wazee walinipigia simu wakiomba ruhusa wasimamishe kibanda kwa jina langu kwenye sehemu yangu ya boma, kama wanavyofanya mkubwa akiwa mbali, ili wewe upite ujenge. Niliwakatalia. Nilisema nakuja Desemba kujenga mwenyewe. Uongo mtupu. Mwezi uleule nilikuwa nimetia sahihi mkataba wa kudumu Seoul, hadi kustaafu. Na kila Desemba nimewapa sababu mpya. Kwa nini? Kwa sababu mradi sehemu yangu ni nyasi tupu na wewe umekwama nyuma yake, kuna watu duniani wanaonisubiri. Ukishajenga, nani ataniuliza ninarudi lini? Nimeandika vitabu viwili kuwakemea wakubwa wanaong'ang'ania visiwa vya mawe wasivyoishi, kusudi tu jirani asivipate. Wanafunzi hunipigia makofi. Lo, laiti wangenijua!

Waite wazee Jumamosi hii. Barua hii ndiyo ruhusa yangu. Isomwe mbele ya Mama, yote, hata sehemu ya aibu. Wasimamishe hicho kibanda, kisha wewe uchimbe msingi wako, mpana, wenye chumba cha binti yako. Ndege yangu inaondoka Ijumaa. Nikikuahidi kwamba nitapitia nyumbani kwanza, nitakuwa nimeongeza uongo mwingine, na umeshabeba wa kutosha.

Nisalimie Everline, na umwambie sina uso wa kumwomba msamaha ila namwomba. Wape watoto mkono wangu. Mama mwambie nampenda, na kwamba si Wachina walionizuia.

Nawe, mdogo wangu, ukishapaua na ukishahamia, kama moyoni bado kutakuwa na nafasi, niulize narudi lini.

Ni mimi nduguyo mkubwa,
Mulama