Simba Mlangoni, Jiwe Kabatini

Da Mwajuma,

Shikamoo. Marahaba yangu utanilipa siku tukionana.

Tangu tukuzike Kondoa, makumbusho ulimokuwa ukitusimulia hadithi yamegeuka. Siku hizi ni biashara huria, watalii wanalipa kiingilio, na mkuu mpya kajaza kabati za vioo. Jiwe lako la kusagia kalifungia humo. Nilipoleta darasa langu la watoto wenye mahitaji maalumu, Zaituni alipapasa kioo, akaniuliza, "Mwalimu, na jiwe nalo mmelizika?" Nililia mbele ya wanafunzi, dada.

Sijaona msimulizi kama wewe. Wenzako walisimulia kwa mdomo, wewe ulisimulia kwa kusaga nafaka ya uwele. Msichana wa hadithi akiwa na raha, ulisaga polepole. Simba akikaribia, ulisaga mbiombio. Akifika mlangoni, uliacha ghafla. Zaituni, asiyeona, alisikia yote. Yohana, asiyesikia, aliweka viganja ubavuni mwa jiwe na kumjua simba kabla yetu. Kisha ulimpisha mtoto mmoja hapo jiweni amalizie hadithi apendavyo. Yohana, kwa ishara za mikono, kila mara alimkaribisha simba ugali! Ulicheka ukashika mbavu.

Mkuu nilimsihi wee alitoe jiwe kabatini. "Vitu vya kale haviguswi, mwalimu." Basi nikaenda Gulwe, nikaomba jiwe la mama mkwe, nikapanda nalo treni huku abiria wakinicheka. Nikalibwaga katikati ya chumba cha makumbusho, watoto wakinizunguka. "Hili si la makumbusho, mzee. Hili la mama mkwe."

Nikasaga. Mikono yangu mizito, simba wangu alikuwa anachechemea, lakini watoto walinivumilia. Simba alipokaribia, Yohana alimvuta mkuu mkono akaubandika jiweni. Nikaongeza mbio, nikaacha ghafla. Mkuu karuka nyuma! Watoto wakaangua kicheko, Zaituni akiuliza ni nani huyo kaogopa.

Wiki iliyofuata tulilikuta jiwe lako sakafuni, na uwele pembeni. Mkuu alijifanya ana shughuli dirishani.

Jana ilikuwa zamu ya Zaituni kumalizia. Simba kafika mlangoni, nikaacha kusaga. Akainua uso, akasema, "Huyu si simba. Ni Bibi Mwajuma. Mfungulieni."

Yohana akaenda kufungua mlango kweli. Hakuna aliyecheka.

Lala salama, dada yangu. Maadamu mikono hii ina nguvu, nitasaga, na mlango ule nitauacha wazi.

Mdogo wako,
Mwalimu Tabitha