Kanga ya Karatasi ya Riziki

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Leo nimefanywa mwalimu mkuu wa uchoraji wa watoto wote wa Kitanzania hapa Doha.
Uongo. Nimeambiwa ninoe penseli.
Watoto kumi na mmoja, kamati tatu! Kila mtoto achore kanga ya karatasi — pindo, mji wa katikati, na jina la kanga, yale maneno ya chini — zitundikwe ukutani Ijumaa ijayo. Mwenyekiti, Bi Mwanamkuu, kagawa karatasi zenye maua tayari, kaprinti kazini. Mtoto ajaze rangi tu, asivuke mstari. Nikauliza, sasa hapo mtoto kachora nini? Akasema mzee, noa.
Mjukuu wangu Riziki, miaka saba, mwezi hajamaliza tangu aje kwetu hapa mtaa wa Abu Hamour. Haongei na mtu. Kageuza karatasi upande mweupe, kachora sahani. Sahani tupu!

Jumapili, 9 Novemba
Pindo limekwisha: vijiko vimeshikana mikono. Kaniuliza jina tuandike nini. Nikampa: SAHANI NIMEIONA, PILAU NIMEISIKIA. Limekaa na picha. Sina nia mbaya.

Jumatano, 12 Novemba
Nia mbaya ninayo, kidogo. Mwezi uliopita Bi Mwanamkuu alitualika kwake Wakrah, pilau ikaisha nusu ya watu hawajala.

Alhamisi, 13 Novemba
Balaa. Tumeenda kutundika, Bi Mwanamkuu kaisoma. Mwanamke wa pwani haulizi kanga kaiandika nani, anauliza inamsema nani. Kaibandua, kaitia mkobani. Akataka kujua nani kamfundisha mtoto maneno hayo. Mimi huyo, nanoa penseli iliyokwisha kunolewa.
Riziki, asiyeongea, ndiye kaongea.
"Nimetunga mwenyewe."
Mbele ya kamati zote tatu. Babu mtu mzima, nimekingwa na mtoto.

Ijumaa, 14 Novemba
Ukutani kanga kumi, maua yaleyale mara kumi. Riziki kavaa gauni la Idi, anaulizia yake. Wageni wanakuja baada ya sala.
Nimemwendea Bi Mwanamkuu, nikakiri: jina nimetunga mimi, sahani kachora mtoto. Kaendelea kupanga viti. Basi nitamwandikia kwenye simu. Nijaribu hapa kwanza —
Bi Mwanamkuu, siku ile Wakrah sahani yangu ndiyo uliyompa mgeni wako wa mwisho, nami nikasema mbele za watu nimeshiba. Sikukudai. Leo nakudai. Jina likate kwa mkasi, sahani irudishe ukutani, hata kule karibu na choo. Gundi ninayo mimi.