Ukuta wa Mikono Minne

Yaya wangu mpendwa, dada yangu mkubwa,

Ukiona mwandiko huu, usiikunje barua kwanza. Kwenye simu unakata nikitaja tu ule ukuta wa mama wa kwaya, kwa hiyo nimeona niandike.

Unakumbuka saloni ya kwanza tuliyoipaka, ile sebule ya yule mwalimu, kule Mudzipela, hapahapa Bunia? Rangi ya chini ilikuwa imekauka tangu jana yake. Mimi nikatangulia na rulo, ile brashi ya kuviringisha, napaka rangi ya pili, ile ya kahawia iliyotiwa maji, kipande chembamba kutoka juu hadi chini. Wewe ukanifuata na kitambaa cha shuka kuukuu ulichokikunjakunja mkononi, unagusa na kuinua, unagusa na kuinua, kila mara unakigeuza ili alama zisijirudie.

"Enda mbio, mudogo," uliniambia. "Tukisimama katikati, itakauka, na hapo itabakia kovu."

Tulikwenda kona hadi kona bila kunywa hata maji. Ukuta ukatoka laini kama ngozi ya ndama. Mwalimu alipoingia alikushika wewe mkono, akakushukuru kwa maneno marefu, kisha akanionyesha mimi mahali pa kuoshea ndoo.

Wivu wangu ulianzia hapo, yaya. Mtaa mzima walikuita "dada wa kitambaa", na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza nani alishika rulo. Nilikuonea wivu vidole vyako. Nilikuonea wivu hata ile namna ya kurudi nyuma hatua tatu na kuinamisha kichwa, wenye nyumba wote wakinyamaza kusubiri neno lako. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, na rangi mpaka kwenye nywele, na hakuna aliyesubiri neno langu.

Ndiyo maana yule mama wa kwaya alipokuja kukutafuta, wakati umekwenda Aveba kumwona bibi, nilimwambia: "Yaya ameacha ile kazi. Sasa ni mimi natumika hiyo kazi."

Nikaingia peke yangu. Napaka, natupa rulo, nadaka kitambaa, na nikigeuka ukingo umeshakauka. Nilipomaliza, makovu matano meusi yalikuwa yamesimama kutoka dari hadi sakafu. Yule mama aliyatazama moja baada ya jingine.

"Weye ni mudogo yake kweli?" akaniuliza.

Uongo wangu uliusikia kwake, mbele ya watu, mlangoni mwa kanisa. Hukunigombeza. Ungenigombeza ningepata la kujibu. Ulifunga vitambaa vyako, ukamfuata shemeji, mume wako, kule Ariwara kwenye biashara yake, na mimi hukuniaga.

Kuna jambo hulijui. Mwaka jana nilikuja Ariwara kwenye arusi ya rafiki yangu. Katika nyumba tuliyofikia nilikuta ukuta wa kazi yako, wa kijani kibichi, nikautambua kabla sijaketi. Nilipitisha kidole kona hadi kona nikitafuta kovu. Nilitamani nilipate hata moja, Mungu anisamehe. Halikuwapo.

"Ni ule dada ya Bunia alifanya," mwenye nyumba akaniambia. "Anatumikaka kazi na wifi yake."

Kesho yake niliwaona sokoni. Wifi yako alikuwa na rulo begani, wewe unamwambia kitu, mnacheka. Nilijificha nyuma ya meza ya vitenge mpaka mkapita. Miaka yote nilidhani naonea wivu mikono yako. Siku ile nilimwonea wivu yeye, kwa sababu ndiye anayetangulia sasa, na wewe unamfuata. Iliniuma kuliko sifa zote walizokupa mbele yangu.

Sasa kuna mama mmoja anajenga huku mtaa wa Nyakasanza. Saloni yake ina ukuta mrefu kuliko wote tuliowahi kupaka, na anautaka wa kitambaa. Aliniuliza kama nitauweza peke yangu.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ile kazi ni ya yaya yangu. Alienda sababu nilimusemea uongo."

Akasema atangoja mpaka nikuandikie. Nimekaa wiki nzima na karatasi hii mezani, naogopa. Siombi unisamehe kwa ajili ya ukuta wa watu. Nisamehe hata kama huji, maana nimechoka kupita njia ya mbali kila ninapotaka kukwepa lile kanisa.

Lakini ukiamua kuja, njoo. Ukija na wifi, nitampokea vizuri. Nitampikia sombe ya majani ya muhogo, nitampisha kitanda changu, nami nilale chini kwenye mkeka.

Rulo sitampa.

Mdogo wako,
wa tumbo moja