Yaya, Vifungo Nilikuwa Nimeshavijua

Yaya Masika wangu mpendwa,

Asubuhi hii ndege ndogo zimetua kwenye uwanja wa Rughenda, hapa jirani, mara mbili, na mara mbili nimefuta nilichorekodi. Ungekuwepo ungesema ndege nayo inataka kuingia kwaya. Mimi nimekasirika, kama unavyonijua, nikazima mikrofoni na kuanza kukuandikia. Kuna jambo nilikuficha, na limenikaa kifuani tangu ulipohamia kwa mumeo. Simu ya huko Kasugho inakatika kila baada ya maneno matatu, na jambo hili sitaki likatwekatwe. Mama mwenye duka la kuchapisha ataisoma barua hii kabla yako, najua. Acha aisome.

Unakumbuka siku ulipoleta kompyuta kutoka Beni? Uliifunga katika kitenge ukaipakata njia nzima, hukutaka hata dereva aishike. Ndani ya wiki chache nilishaweza kurekodi sauti za kwaya, kukata na kupanga, kwa sababu ile sauti inayonisomea skrini, mimi nisiyeona, ilikuwa ikinitajia kila kitu kwa Kifaransa chake cha haraka. Nikajiona bwana mkubwa. Kisha tukafungua sinte ya kwanza, vile vinanda vinavyokaa ndani ya programu ya muziki yenyewe, na sauti ikataja jina la dirisha ikanyamaza. Nilibonyeza kila kitufe. Kimya. Nilidhani nimeiharibu, nikaanza kutukana. Wewe ukainama mbele yangu.

"Mais apa kuko mambo mingi," ukasema. "Kuko tudude twa muviringo, twingi sana, na maandiko madogo madogo."

Vifungo vile vilikuwa picha tu, na ile sauti haisomi picha. Hapo ndipo zilipoanza Jumamosi zetu. Ulikuwa unafunga kibanda chako cha ushonaji Beni, unapanda gari, na kabla ya saa sita namsikia mama akikukaribisha uani. Ulikaa kuliani kwangu ukinukia mafuta ya cherehani na nguo mpya, ukashika kipanya.

"Aka kameandikwa attaque. Nikaguse?"

"Gusa, mupole mupole. Ndiko kanaanzisha sauti."

"Apa?"

"Rudisha kidogo. Simama apo."

Mkono wako ulikuwa umezoea kifungo cha kukaza uzi, kwa hiyo ulijua kwamba kugeuza kidogo tu kunaweza kuharibu au kutengeneza kila kitu. Siku moja tu ulikosea. Ulizungusha mpaka mwisho, spika zikalia hadi mama akaangusha ungo wa maharagwe jikoni. Tulicheka hadi nikasahau sauti niliyokuwa naitafuta. Sauti nyingine uliipa jina wewe: mvua ya Mabalako, kwa ajili ya likizo zile kwa shangazi huko, mimi nikiwa nimeshapoteza macho, wewe ukinishika mkono barazani na kunieleza maji yanavyoteremka kutoka kwenye mabati. Sauti ile nimeiweka katika nyimbo nne. Wateja ninaowarekodia wanadhani ninayo ghala ya siri ya sauti.

Sasa nikwambie. Wiki moja kabla ya Pasaka, mtu mmoja asiyeona, wa mbali, alituma ujumbe wa sauti katika kundi letu la simu. Alieleza kwamba programu yetu inaweza kuonyesha sinte bila zile picha, kama orodha ya kawaida. Unapanda na kushuka kwa mishale, na sauti inakusomea: attaque, kumi na mbili kwa mia, filtre, arobaini. Nilijaribu siku hiyo hiyo. Yaya, nililia. Mchana mzima nilitengeneza sauti za vinubi na filimbi, mimi na vidole vyangu, bila kumwita mtu.

Furaha ile ilidumu mpaka Jumamosi. Ulikaa, ukavuta kiti, ukauliza, "Leo tunaanza na gani?" Nikajibu, "Ile ya violon, haikubali." Ilikuwa imekubali tangu Jumatano. Nilikuwa nimeizungusha vibaya makusudi, ili upate kitu cha kunitengenezea.

Nilifanya hivyo miezi minane. Nikikusikia uani nilizima ile sauti ya kunisomea, nikakunja mikono, nikawa kipofu asiyejua kitu.

Na katika miezi hiyo shemeji Kambale alikuwa peke yake Kasugho. Alikuwa ametangulia kufungua shamba, akajenga nyumba, akakungoja. Mama alipokuuliza unakwenda lini, ulisema bado una nguo za watu. Siku nyingine ulisema mbele yangu, "Nikienda, nani atamugeuzia ba boutons?" Nilikuwa na jibu mdomoni. Nililimeza. Nilimnyima mtu mke wake ili nisikose mtu wa kukaa naye, na sioni namna ya kulisema likapungua uzito.

Jumamosi ya mwisho hukugusa kipanya. Ulisema niupige wimbo wa harusi tangu mwanzo, ukausikiliza wote. "Iko muzuri," ukasema. "Sasa naweza kuenda Kasugho." Nilinuna. Sikukusindikiza hata mlangoni. Nilijiambia umechoka na mimi, na kwa wiki nyingi niliufurahia uchungu huo, maana ulinisaidia nisifikirie kosa langu.

Juzi tulikuwa uani mimi na mama, tunapapatua maharagwe. Nikaanza malalamiko yangu, kwamba umeniacha na vifungo. Mama hakusimamisha hata mikono.

"Masika alisema tangu Pasaka," akaniambia. "Alisema, ule mutoto anajua kufanya peke yake, anapenda tu nikuye. Hapana mumwambie."

"Alijua namna gani?"

"Si aliona? Ile liste yako ilikuwa pa écran kila siku akiingia."

Yaya, nilikaa na ganda la haragwe mkononi kama mjinga. Kwangu mimi, sauti ikizimwa, skrini imezimwa. Miaka yote hii sijawahi kufikiria kwamba inaendelea kuwaka mbele ya mwenye macho. Kila Jumamosi uliingia, ukaiona orodha yangu yote, ukaifunga, ukarudisha zile picha, ukashika kipanya na kuuliza, "Nikaguse?" Barabara ile ya Beni, na hofu yake yote ya mashambulizi, uliipita kuja kugeuza kitu ulichojua kwamba ninaweza kukigeuza.

Sasa nafanya kazi zangu zote mwenyewe. Kazi imekuwa nyepesi na nyumba imekuwa kimya. Nikipata sauti nzuri, nageuza kichwa kuliani. Nimekukumbuka mno, yaya. Sikuwahi kukwambia hivyo ulipokuwepo. Nilikwambia violon haikubali.

Barabara ikikauka, nitapanda pikipiki kuja Kasugho. Mwambie shemeji nitamwomba msamaha mimi mwenyewe, mbele yako. Mama ananung'unika tangu jana, anauliza naenda kufanya kazi gani huko. Unajua kwetu mtu haendi kwa mtu hivi hivi, anakwenda kusaidia mavuno, au kumwangalia mgonjwa, au kupeleka kitu. Nimemjibu kwamba siendi kufanya kazi yoyote na sibebi kitu. Kompyuta itabaki hapa. Naja kukaa nawe tu.

Mpaka tutakaposhikana mikono,

Mdogo wako